Pointi za Mwalimu Kabeya

"Yaya, Mwalimu Kabeya ametuacha," Mwajuma, ambaye huniita yaya kama dada yake mkubwa, aliniambia kwenye simu bila salamu, kama mtu anayetua mzigo mlangoni kabla ya kubisha hodi. Nilikuwa jikoni kwangu, Lubumbashi, nikichambua lengalenga za mtu mmoja. Mboga za mtu mmoja ni chache kiasi kwamba mikono humaliza kazi kabla mawazo hayajapata pa kukaa, na kwa miaka sasa nimejizoeza kuzichambua polepole. Nikamwambia pole. Naye akaniambia pole. Nikarudia, akarudia, na neno hilo likawa linakwenda na kurudi kati yetu kama mtoto mchanga anayepokezanwa na wanawake wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayemhitaji zaidi. Mwajuma leo ana duka la vitambaa Kolwezi na watoto wanaomzidi urefu, lakini nilipomfahamu alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, soksi moja juu na nyingine chini. Kabla hatujaagana aliuliza kama nitakuja kwenye kilio. Nilisema ndiyo, na nilipokwisha kuweka simu chini nikatambua kwamba hilo neno tulilokuwa tukipeana, pole, ndilo nililokatazwa kulitamka katika mwaka mzima niliokaa mjini kwao. Wanafunzi wangu, ambao ninawafundisha namna ya kupima maumivu ya mgonjwa, wamewahi kuniomba mara nyingi niwasimulie mwaka huo. Kila mara nilikwepa, kwa kuwa kila nilipojaribu kuusimulia uligeuka kuwa somo. Kesho yake, ndani ya basi, Likasi ilipobaki nyuma yetu na vumbi jekundu likaanza kupenya madirishani, niliacha kukwepa.

Nilifika Kolwezi mara ya kwanza mwanzoni mwa mvua, na diploma mpya, sanduku moja na barua ya kuajiriwa katika utafiti. Chumba nilichopata kilikuwa nyuma ya ua wa Mama Zaituni, katika mtaa wa Manika. Familia yake ilikuwa ya Waislamu wenye asili ya Kasongo, watu wa lori; mumewe, Tata Ramazani, aliendesha mwenyewe hadi Dilolo mpakani, na aliporudi kupitia Mutshatsha alipakia makala, yaani makaa ya kupikia, na samaki wakavu. Kabla yangu chumba kile kilikuwa ghala la shehena hiyo, na kuta hazikusahau. Mvua ikinyesha, harufu ya samaki iliamka. Jua likiwaka, ilikuwa zamu ya makala. Dirisha langu lilitazama ukuta wa jikoni, karibu hivi kwamba ningeweza kuugusa kwa mkono. Kupitia ukuta huo nilisikia kila kitu: mbabula, lile jiko la makaa, ikipepewa, mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, Mwajuma akikariri masomo yake kwa wimbo, mama yake akimsuta mume aliyekuwa bado yuko njiani kana kwamba ameketi mbele yake. "Ramazani huyu, akifika Mutshatsha lazima asalimie kila mtu! Kama vile anagombea udiwani!" Walikula pamoja humo jikoni, kwenye sinia moja. Mimi sikula nao. Mama Zaituni aliniheshimu mno. Kila jioni alikuja mwenyewe kuniletea sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, bukari, yaani ugali, upande mmoja, sombe ya majani ya muhogo au samaki upande wa pili, akainama kidogo na kusema, "Karibu chakula, mademoiselle," kisha akarudi kwa watu wake. Nilikula nikiwa nimeketi kitandani, nikisikiliza vicheko ambavyo mwanzo wake sikuusikia. Nimekula peke yangu mara nyingi tangu hapo, lakini sijawahi tena kula peke yangu karibu na watu kiasi kile.

Hospitalini mambo yalikuwa hayohayo kwa sura nyingine. Utafiti wetu ulilinganisha njia mbili za kutuliza maumivu ya watu waliovunjika mifupa. Zote mbili zilikuwa salama na zilijulikana. Kilichotafutwa ni ipi inatuliza zaidi. Wagonjwa wengi walikuwa wachimbaji, vijana waliotoka kila pembe ya Kongo kuja kutafuta shaba na kobalti kwa mikono yao, na waliofukiwa na udongo au kuteleza shimoni. Kazi yangu ilikuwa kupita kitanda kwa kitanda, asubuhi, mchana na jioni, na kumuuliza kila mmoja swali lilelile kwa maneno yaleyale na kwa sauti ileile: "Unayapa maumivu yako pointi ngapi, kutoka sifuri hadi kumi?" Maelezo ya kwamba sifuri maana yake hakuna maumivu, na kumi ni maumivu yasiyovumilika, yalisomwa mara moja tu, mgonjwa alipopokelewa. Kwa Kifaransa swali lilitumia neno *note*, alama, na yeyote aliyelitafsiri, akiwa mbali nasi, alichagua pointi. Hakuna aliyemlaumu. Ndilo neno letu. Huku kwetu tangu utotoni mtu hujua kwamba maisha yanatolewa pointi.

Kisha kulikuwa na katazo. Docteur Kalenga, aliyeongoza utafiti, alinieleza siku ya kwanza huku akifuta miwani yake kwa upindo wa koti. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na sijawahi kumwona akimkaripia mgonjwa. "Usiwaambie pole," alisema. "Ukisema pole kabla ya jibu, mmoja atapandisha namba ili aistahili hiyo pole, mwingine ataishusha ili akufariji wewe. Tunataka namba iliyo peke yake." Nilielewa. Hata leo ninaielewa hoja hiyo na ninaifundisha. Lakini jaribu kusimama mbele ya mtu anayeuma meno, katika nchi ambayo hata anayejikwaa barabarani hupewa pole na watu asiowajua, halafu ufungue kinywa na kumwuliza pointi. Wiki za kwanza neno lile lilinipanda kooni kila nilipokaribia kitanda, nikalimeza kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Wachimbaji hawakuchelewa kunipa jina. Nikitokeza mlangoni, mmoja alipaza sauti kwa Kiswahili chao, ambacho maumivu ni maluma, "Mademoiselle Ngapi anafika! Kila mutu akamate maluma yake mukononi!" Walinitania kwa sababu sikujibu, na kadiri nilivyokaa kimya ndivyo walivyozidi. "Muguu iko sita, mademoiselle, lakini roho, juu yako, iko dix sur dix, kumi juu ya kumi!" "Huyu anakudanganya! Hata kwa bibi yake wa nyumbani alisema vile vile!" Mama mmoja mzee aliyevunjika nyonga alikataa namba kabisa. "Inaluma," alisema. "Unataka niiongezee nini?" Mwingine alifanya biashara kama yuko sokoni, akanitajia tisa, akaniangalia usoni, akashuka hadi saba. Niliandika ya kwanza, kama nilivyofundishwa. Nilipotoka nje, mitaa ilikuwa imejaa watu, na hakukuwa na mtu yeyote aliyejua jina langu halisi isipokuwa Mama Zaituni, ambaye kwa heshima hakulitumia.

Mwalimu Kabeya aliletwa mvua zilipokuwa katikati, kutoka machimbo ya Mutoshi, amebebwa kwenye pikipiki kati ya wenzake wawili, mguu wa kushoto umefungwa kwa kipande cha mti na khanga. Alikuwa mwembamba, na paji la uso pana, na hata katika hali ile shati lake lilikuwa limefungwa kifungo cha mwisho cha shingoni. Alitoka upande wa Kasai, na kabla ya kuchimba alifundisha darasa la nne kwenye shule iliyokuwa karibu na machimbo. Shule ilipoteza paa kwanza, kisha wanafunzi, na wanafunzi wenyewe walikuwa wamemtangulia kwenye mashimo. Kwa hiyo alipoingizwa wodini kutoka chumba cha upasuaji, bado na dawa ya usingizi machoni, vitanda viwili vilimwamkia kwa pamoja, "Mwalimu, bonjour!" kwa ule mvuto wa sauti wa darasani. Maelezo ya sifuri na kumi alisomewa saa ile. Aliitikia kwa kichwa. Nimeyafikiri mara nyingi maitikio yale, na ninaamini aliitikia heshima, kama mtu anavyoitikia sala ya dini isiyo yake.

Mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti na kufungwa plasta hadi vidoleni. Mama Odile, muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye hatua za haraka, alitukusanya wote waliohusika na kitanda kile. "Musikilize," alisema. "Muguu ya namna hii inaweza kuvimba mu plâtre. Ikivimba, damu inakosa njia, na muguu inakufa. Maluma njo inatuambia mbele ya kintu kingine. Maluma ikianza kupanda, muniite, hata niko nakula." Tangu hapo tulikuwa tukiungoja mguu ule useme. Kila nilipotoka kwake Mama Odile aliniuliza kwa kidevu tu, nami nilimwonyesha namba kwa vidole.

Jioni ya kwanza alitoa tano. "Tano, mademoiselle," alisema baada ya kufikiri kwa haki. "Anajaribu." Wale wanafunzi wake wakacheka, naye akatabasamu. Asubuhi ilikuwa nne. Mchana tatu. "Na hapo namuhurumia," aliongeza, na wodi nzima ikafurahi kuwa na mtu wa kuchekesha. Mama Odile alipoona vidole vyangu vikipungua, uso wake ulilegea. Namba ilikuwa inashuka. Mguu ulikuwa unatulia. Kwa mgonjwa mwenye namba ya chini, dawa ya ziada haikuhitajika, na haikutolewa. Lakini mimi nilisimama karibu naye kuliko wengine. Niliona kwamba mdomo wake wa chini una alama ya meno. Niliona shuka imelowa chini ya mabega siku ambayo haikuwa na joto. Siku iliyofuata alitoa mbili, akasema, "Asipojiangalia, atarudia mwaka," lakini safari hii kicheko chake kilimtoka kifupi kama kikohozi, na wanafunzi wake hawakumfuata.

Nilimwendea Docteur Kalenga aliyekuwa akinawa mikono, tayari kuingia kwa mgonjwa mwingine. "Docteur, uso wa Mwalimu hausemi mbili," nilisema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza. "Amesema ngapi yeye?" "Mbili." "Kwa hiyo ni mbili," alisema. "Uso hauna namba, mademoiselle. Ukianza kuandika nyuso za watu, siku moja utaandika uso wako mwenyewe." Aliahidi kumpitia kesho asubuhi. Nimewahi kuwatamkia wanafunzi wangu sentensi hiyo yake, neno kwa neno, na kila mara nimeona kalamu zao zikiinama kuiandika, kwa kuwa ni sentensi nzuri. Siku ile ilinikamata mahali ambapo tayari palikuwa panauma. Huenda kweli nilikuwa nikiona uso wangu. Nilikuwa sijazungumza na mtu, mazungumzo ya kweli, kwa muda mrefu, na mtu wa namna hiyo huona huzuni hata kwenye sura ya ng'ombe.

Jioni nilimuuliza tena. Alikuwa amegeukia ukutani. Hakutania. "Zéro," alisema. Nilisubiri, kwa kuwa sikutaka kuondoka. Mama Odile, kutoka mlangoni, aliuliza kwa kidevu, nami nikafumba ngumi yangu kuonyesha sifuri. "Asanti Mungu," alisema, akavua aproni yake na kwenda nyumbani. Nami nikaenda.

Tata Ramazani alikuwa amerudi kutoka Dilolo mchana ule. Lori lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, limejaa matope hadi kwenye vioo. Mama Zaituni aliniletea sahani yangu iliyofunikwa, akainama, akarudi jikoni. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha muda mfupi. Nilikata tonge la kwanza, na ng'ambo ya ukuta nikasikia sauti ya baba ikiuliza habari za shule.

"Mwajuma, mi nakuuliza weye. Calcul, ile hesabu, mwalimu amekupa ngapi?"

"Zéro," Mwajuma alisema.

"Zéro! Mi nashinda na mashimo ya njia mpaka Dilolo, weye unanikaribisha na zéro? Lete ule mwiko."

"Baba, usinipige!" Mtoto alilia, na kilio chake kilikuwa cha hasira kuliko cha woga. "Zéro yenyewe inaniluma! Inaniluma kushinda mwiko!"

Mama Zaituni alicheka. Tata Ramazani naye, baada ya kujizuia kidogo, akacheka. Mimi nilibaki na tonge mkononi. *Zéro yenyewe inaniluma.* Niliwaona wale vijana vitandani wakitoa saba na nane, na katikati yao mtu mzima aliyetumia maisha yake kusahihisha madaftari, akiulizwa mara tatu kwa siku na msichana mwenye diploma anaupa mguu wake pointi ngapi. Tano: anajaribu. Nne. Tatu, na hapo namhurumia. Alikuwa anausahihisha. Mguu uliomtesa alikuwa anaupa pointi ambazo mwalimu yeyote humpa mwanafunzi anayemtesa, na jioni ile ulikuwa umefeli kabisa.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko lao, ambamo sikuwahi kuingia, vidole vyangu bado vina mchuzi, nikisema kwamba lazima nirudi hospitalini sasa hivi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tata Ramazani alitazama mkono wangu, akainuka, akachukua ufunguo. Ndivyo lori la makala lilivyofika kwenye lango la hospitali likinguruma, na mlinzi akatoka mbio akipiga kelele, "Tata, hapa si depo!"

Wodini taa zilikuwa zimeshawashwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kabeya na kuchuchumaa ili uso wangu uwe sawa na wake.

"Mwalimu," nilisema, "zéro yenye umenipa, ni ya hôpital ao ni ya masomo?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu na mwanafunzi asiye mjinga.

"Mademoiselle," alisema, "kuko zéro ingine?"

"Pole," nilimwambia. Lilitoka lenyewe, na baada yake yakatoka mengine yote niliyokuwa nimeyameza tangu mvua za kwanza. "Pole, Mwalimu. Pole sana. Inakuluma?"

"Inaniluma," alisema. "Inaniluma, mama. Inaniluma mpaka nashindwa kuhesabu."

Docteur Kalenga aliitwa kutoka kwake na akafika bila soksi. Alivishika vidole vya mguu ule vilivyokuwa baridi, akakikunja kimoja kwa upole, na sauti aliyoitoa Mwalimu iliwaketisha wagonjwa wote vitandani. Hakukuwa na haja ya namba tena. Plasta ilipasuliwa pale pale kutoka gotini hadi chini, na mguu ukafurika nje yake kama unga uliochachuka, kisha wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Nilisubiri ukumbini pamoja na Tata Ramazani, ambaye alikuwa amekuja na tasbihi yake. Docteur alipotoka alisema mguu utabaki. Hautakuwa kama zamani, lakini utabaki.

Tuliporudi, jikoni walikuwa wanatungoja. Hakukuwa na sahani iliyofunikwa. Bukari ilikuwa imefanya ngozi juu, na Mwajuma alikuwa amelala ameegemea ukuta ule uliokuwa wangu, upande wa pili wake. "Kaa, mwanangu," Mama Zaituni alisema, akaisogeza sinia. Tulikula baridi, sisi watatu, mikono ikipishana.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo upweke wangu ulikwisha. Haukwisha. Asubuhi Docteur Kalenga aliniita, na bila hasira akaniambia kwamba nimeokoa mguu na nimeharibu jibu, na kwamba yote mawili ni kweli. Mwalimu Kabeya aliondolewa katika utafiti, kwa kuwa aliongeleshwa nje ya swali. Docteur mwenyewe aliwaandikia wakubwa wake kuhusu neno lile, pointi. Walikubali maelezo yasomwe kila mara kabla ya swali. Swali lenyewe halikubadilishwa, kwani likibadilishwa katikati ya njia si swali lile tena. Na pole haikuruhusiwa. Kwa hiyo nilirudi kwenye vitanda, nikasoma maelezo, nikauliza, nikaandika; tofauti ni kwamba sasa kila namba niliyoandika niliisikia ikiwa na mtu ndani yake, na nilijua sitaruhusiwa kumfungulia. Nilijitafutia njia ndogo. Katazo lilihusu kabla ya jibu. Basi jioni, baada ya kitanda cha mwisho, nilifika mlangoni, nikageuka na kuwaambia wote kwa pamoja, "Poleni." Nao waliitikia kama darasa: "Asanti, Mademoiselle Ngapi!" Ilikuwa pole moja kwa wodi nzima, na haikumtosha yeyote.

Mwalimu Kabeya, kwa upande wake, aliona jambo lile ni la kuchekesha kupita yote yaliyowahi kumpata. "Mi nilisikia batoto bangu banatoa huit, neuf, nane, tisa," alinisimulia alipopata nafuu, "nikasema: njo vile banapenda, kugawa points za bule. Kusahihisha habakujua hata zamani." Tangu siku ile, hata baada ya kutolewa katika utafiti, nikipita alitangaza namba yake kwa sauti pamoja na chimbuko lake: "Sita, ya hôpital!" Kisha, akionyesha bukari ya hospitali: "Mbili, ya masomo!" Siku ya kuondoka alisimama kwa magongo mbele ya karatasi ya swali iliyobandikwa ukutani, akaisoma polepole, akakohoa. "Nne juu ya kumi," alihukumu. "Irudie mwaka." Hakurudi shimoni. Alipata darasa tena, mjini, na kwa muda alimfundisha Mwajuma, ambaye calcul yake haikuwahi kupona. Mimi niliondoka Kolwezi kiangazi kilipokolea kabisa, siku ambayo Tata Ramazani alikuwa safarini. Mama Zaituni alinifungia mikate kwa safari na kusimama barabarani hadi basi lilipopinda. Yeye na mumewe hawapo tena. Lakini kila Mwaka Mpya, kwa miaka yote hii, simu yangu ililia na sauti ya Mwalimu ikaniuliza, "Mademoiselle Ngapi! Mwaka ulikuwa ngapi?" Nami nilimuuliza kwanza, kama desturi yetu ilivyotaka, "Ya hôpital ao ya masomo?" Wakati mwingine hiyo ndiyo ilikuwa simu pekee siku hiyo.

Kwenye kilio turubai lilikuwa limetandazwa juu ya ua, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka. Mwajuma alinishika mkono na kunipitisha hadi kwa mjane, Mama Ngalula, niliyekuwa namjua kwa sauti tu, ile sauti ya nyuma ya simu iliyomwambia Mwalimu aache kupoteza salio. Nilimpa pole, nikaketi. Alinishikilia mkono, akaniuliza kama kweli mimi ndiye yule wa namba. Nikasema ndiye.

"Basi utanisaidia," alisema kwa sauti ya chini. "Ule ugonjwa wa tumbo ulimukamata sana. Siku ya mwisho infirmière wa hôpital alikuja kumuuliza points. Akajibu: neuf. Kisha akalala, na hakuamuka tena. Mi sikusoma mambo yenu, mademoiselle. Tangu siku ile najiuliza. Neuf, tisa, ni muzuri ao ni mubaya?"

Wanawake waliokuwa karibu walisogea ili wasikie. Nilimuuliza kama hakusema ni ya hôpital ao ya masomo.

"Hapana," alisema. "Alicheka kidogo tu."

"Kicheko cha namna gani, mama?"

Alifikiri. "Kifupi," alisema. "Sawa vile mutu anakohoa."

Nilikijua kicheko kile. Nilikuwa nimesimama karibu nacho siku aliyoupa mguu mbili. Na bado sikujua, kwa kuwa huyu mtu alizijua namba za aina zote mbili, ya hôpital na ya masomo, na anaweza kucheka hivyohivyo akiwa amemaliza kazi na kuitolea hukumu. Kama angekuwa mbele yangu ningemuuliza tena. Mjane hakuniuliza nilichodhani. Aliniuliza maana, jambo ambalo katika mwaka ule wote nilikatazwa kulitoa, na macho yake yalikuwa yamekaa juu ya mdomo wangu.

"Kwa mwalimu, mama," nilimwambia, "tisa ni pointi kubwa."

Hilo lilikuwa kweli. Mama Ngalula alifunga macho. Nilimwambia pole, akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia dada yake na kumwambia, "Alipata neuf." Dada yake akamwambia aliyekuwa mkeka wa pili. Nililisikia likisogea chini ya turubai kutoka mdomo hadi mdomo, kwa Kiswahili, kwa Kiluba, "neuf sur dix, Mwalimu alipata neuf sur dix," hadi likafika kwa wanaume, na mmoja wa wale waliowahi kulala vitanda vya jirani naye, mwenye mvi sasa, akapiga kofi moja na kusema, "Yee ambaye hakupendaka kutoa hata sita!" Watu wakacheka huku wakilia. Mwajuma aliegemeza kichwa chake begani kwangu. Nilikaa katikati yao na tisa ile nyingine, ya hospitali, nikiwa nimeishika peke yangu, na sikuwa na mtu wa kumpokezea.